Majani yanapukutika Minneapolis: tuwapeleke wapi watoto, na tufanye nini cha maana?

Mama_Watatu

Habari za humu wakuu, na shikamooni wakubwa wote.

Tuko Minneapolis, upande wa kusini, karibu na treni ya Blue Line. Watoto ni watatu: miaka 3, 7 na 11. Gari hatuna, ila Jumamosi moja moja tunaweza kuazima. Alhamisi ya tatu ya Oktoba na Ijumaa yake shule zinafungwa, ile wanayoiita MEA, kwa hiyo kuna siku nne mfululizo za watoto kushinda ndani wakigombania rimoti.

Nataka kujua: kuchuma epo ni wiki gani hasa, na mnachumaje bila kuharibu mti wa mtu? Boga la kuchonga linatunzwaje lisioze kabla ya tarehe 31, siku ya Halloween? Kuna nini cha bure kinachofikika kwa treni? Tafadhali msinijibu "nenda kafurahie na familia". Nataka vipimo, muda, na mambo yanayoharibika.

---

MkulimaMjini

Dada, tuanze na matufaha maana kalenda yake ndiyo inayobana. Watu husema "tutaenda Oktoba", wakifika wanakuta mti waliouota umeshavunwa wote.

Aina zinafuatana. Zestar huiva mwishoni mwa Agosti. SweeTango ni mwanzoni mwa Septemba. Honeycrisp, ambayo ndiyo kila mtu anaiulizia, ni katikati hadi mwishoni mwa Septemba. Haralson na Regent huingia mwishoni mwa Septemba na kuvuka hadi Oktoba, na Fireside ndiyo hufunga mlango. Honeycrisp ni mtoto wa hapa hapa: ilizalishwa na Chuo Kikuu cha Minnesota kwa maua yaliyochavushwa mwaka 1960, ikatolewa kwa wakulima 1991. Haralson ni bibi yake kwa umri, ya mwaka 1922, ina ukali wa ndimu kidogo na haivurugiki ikipikwa. Kwa hiyo wiki ya MEA usitarajie Honeycrisp mtini. Tarajia Haralson na Fireside, na hizo ni nzuri zaidi kwa kuweka ndani mpaka Desemba.

Piga simu asubuhi ya siku ile ile. Uliza mambo mawili: je, wageni wanaruhusiwa kuchuma wenyewe, au wanauza yaliyokwisha kuchumwa tu? Na safu gani zimefunguliwa leo? Mashamba mengi ya kuzunguka jiji hayaruhusu kuchuma kabisa, watu wanakwenda umbali wote huo kumbe ni duka.

Namna ya kuchuma. Mfundishe wa miaka 7 hivi: shika tufaha kwa kiganja chote, si kwa ncha za vidole, kwa sababu vidole vinaacha michubuko inayoonekana kesho yake. Linyanyue kuelekea juu ya tawi huku unalizungusha kidogo. Likiwa limeiva linaachia lenyewe na kikonyo chake. Likikataa, liache, halijawa tayari. Kosa la watoto wote ni kuvuta kwenda chini. Ukivuta hivyo unang'oa pamoja na kile kijitawi kifupi kinachobeba ua la mwakani, na mkulima akikukunjia uso usimlaumu. Anza na yaliyo nje ya mti, upande wa jua, hayo hutangulia kuiva. Miti mingi ya siku hizi ni mifupi, hata wa miaka 3 anafikia ya chini.

Kuweka kwenye mfuko ni kulaza, siyo kutupia. Honeycrisp ina ganda jembamba na kikonyo kigumu. Kikonyo cha moja kinatoboa jirani yake, na tundu hilo ndilo mlango wa uozo.

Vipimo vya huko vinachanganya. Mfuko wa "peki" ni kama kilo 4.5 hadi 5, matufaha 25 hivi au 30. "Nusu busheli" ni kilo 9 au 10. Familia ya watu watano isiyopika jamu peki moja inatosha. Nyumbani weka kwenye droo ya friji, ndani ya mfuko uliotobolewa, mbali na karoti na mboga za majani. Matufaha yanatoa gesi ya ethilini, ambayo inaifanya karoti iwe chungu na mchicha uwe wa njano. Lililopondeka liliwe leo.

Nyigu. Septemba ndiyo wakati wao wa kuchachamaa, na wanapenda matufaha yaliyoanguka kuliko watoto wanavyopenda pipi. Usimpe mtoto juisi kwenye kopo ambalo hauoni ndani. Nyigu huingia humo. Na viatu viwe vya kufunika, si kandambili.

Ukiwa na gari siku hiyo na hutaki habari za trekta na foleni, kuna AppleHouse ya bustani ya chuo, Minnesota Landscape Arboretum, huko magharibi ya jiji kwenye barabara namba 5. Hapo huchumi, unanunua, lakini utakuta aina ambazo dukani huzioni.

---

Papa_Reli

Bila gari: shuka kituo cha 50th Street/Minnehaha Park. Maporomoko yako dakika chache kwa miguu, hakuna kiingilio. Yana urefu wa futi 53, kama mita 16. Kiangazi kikiwa kikavu maji huwa uzi tu, usiwaahidi watoto ngurumo. Raha ya msimu huu haipo juu kwenye uzio ambako kila mtu anapiga picha. Ipo chini: shuka ngazi, fuata kijito mpaka kinapoingia Mississippi. Kigari cha mtoto kiache juu au kibebe, ngazi ni nyingi.

Rangi hapa mjini hushika kasi kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba. Idara ya maliasili ya jimbo, DNR, hutoa ramani ya rangi kila wiki. Iangalieni kabla ya kupanga, maana upepo wa siku moja unaweza kuvua mti mzima nguo.

Wa miaka 11 atauliza kwa nini. Mwambie kijani ni klorofili, nayo mti huacha kuitengeneza siku zinapofupika. Njano ilikuwepo tangu mwanzo, ilifunikwa tu. Nyekundu ndiyo habari nyingine: hutengenezwa wakati huu huu, na huhitaji mchana wa jua na usiku wa baridi usiofikia kuganda. Mwaka wa mawingu mengi wekundu unakuwa hafifu. Halafu mwonyesheni kwa macho:

Chukua majani 4 ambayo bado ni ya kijani, ya mti wa mepo, ule wa jani la bendera ya Kanada. Yakatekate madogo kama sukuma wiki, yaweke kwenye gilasi, mimina spiriti ya kusafishia vidonda hadi yafunikwe, yaponde kwa mpini wa kijiko. Funika gilasi kwa plastiki, ikalishe kwenye bakuli la maji ya moto ya bomba kwa nusu saa, ukibadilisha maji yakipoa. Usiweke kwenye jiko wala karibu na moto, spiriti inawaka. Spiriti ikishakuwa kijani kizito, kata ukanda wa karatasi ya kuchujia kahawa, ncha moja iguse spiriti, nyingine ibandikwe kwenye penseli iliyolazwa mdomoni mwa gilasi. Ndani ya saa moja au moja na nusu utaona kijani kimesimama sehemu moja na mstari wa njano umekwenda zake peke yake. Ikishindikana, mara nyingi ni kwamba majani hayakupondwa vya kutosha, spiriti ikabaki kama maji ya chai ya mkopo.

Kuhifadhi majani yenye rangi: okota yaliyoanguka leo, yapanguse yawe makavu kabisa, yalaze ndani ya kitabu kizito usiku mmoja. Kesho yake weka kati ya karatasi mbili za nta, juu tandika taulo jembamba la jikoni, piga pasi ya moto wa kati *bila mvuke* dakika 3 kila upande, kisha kata ukingo ukiacha nusu sentimita ya nta kuzunguka jani. Ukikata kwenye ukingo wenyewe wa jani karatasi zinaachana. Jani lililokuwa na unyevu litageuka kahawia ndani ya wiki hata ulipige pasi namna gani.

Jambo la mwisho: kama mna uwanja, watoto wakishachoka kurukia rundo, yakusanyeni kwenye mifuko ya karatasi au ya kuoza. Msiyasukumie barabarani. Yakiingia mferejini yanafika ziwani, fosforasi yake inalisha mwani, na kiangazi mnalalamika ziwa linanuka.

---

Bi_Upawa

Mwanangu, boga.

La kuchonga na la kula si ndugu. Yale makubwa ya rangi ya machungwa yanayopangwa mlangoni yana nyama nyembamba, maji mengi na nyuzinyuzi. Ukilitia nazi unapata uji wa kamba. Kwa kula tafuta kabocha, lile la kijani, bapa, zito kuliko linavyoonekana. Hilo likiiva ni kavu na tamu kama boga letu la nyumbani. Soko la wakulima la Saint Paul liko karibu na mwisho wa treni ya Green Line, wanauza waliolima wenyewe, na Jumamosi asubuhi utapata yote mawili. Ila boga la kilo 6 na mtoto wa miaka 3 ndani ya treni ni mzigo, nenda na kigari.

Kuchagua la kuchonga: kitako kiwe bapa, kikonyo kiwe kigumu cha kijani, ubonyeze kuzunguka kikonyo na chini kabisa. Penye ulaini hata wa kidole kimoja, liache. Usilibebe kwa kikonyo. Kikikatika, pale ndipo linapoanzia kuoza.

Kuchonga:

Kifuniko kikatwe kwa kulaza kisu, ncha ikielekea katikati ya boga, ili kipande kiwe kama kizibo chenye mteremko. Ukikata wima kitatumbukia ndani. Weka alama ya pembe moja ili ujue kinarudi vipi. Wengine hukata tundu nyuma au chini badala ya juu, na kwa kweli ni afadhali: boga linabaki na nguvu na kikonyo kinaendelea kusimama.

Utumbo utolewe kwa mkono na kijiko cha chuma. Hiyo ni kazi ya wa miaka 7. Kisha upande utakaochorwa sura uukwangue mpaka ubaki unene wa sentimita 2.5. Mnene zaidi ya hapo taa ya ndani haionekani, mwembamba zaidi sura inajikunja baada ya siku mbili. Pima kwa kuchoma kijiti cha meno.

Wa miaka 11 apewe msumeno mdogo wa pakiti ya kuchongea maboga, si kisu cha jikoni. Kisu kikubwa hunasa, mtu akivuta kwa nguvu kinaruka kwenye mkono wa pili. Anzeni na vipande vidogo vya katikati, macho na pua, mdomo mkubwa uwe wa mwisho, kwa sababu kila tundu linapunguza uimara. Kipande kikikataa kutoka, kisukume kutoka ndani kwenda nje. Wa miaka 3 apewe boga lake dogo zima na stika au rangi ya maji. Kwa siri nakwambia, lake ndilo litakalodumu mpaka Novemba.

Mbegu usitupe. Zioshe nyuzi zote ziishe, zichemshe dakika 10 kwenye maji ya chumvi, zikaushe kwa taulo *vizuri*, paka mafuta kijiko kimoja cha chakula kwa kikombe kimoja cha mbegu. Oveni za huku zinasoma Farenhaiti: weka 350, dakika 15 hadi 20, geuza katikati. Zikiingia na maji zinapikwa kwa mvuke na zinabaki ngumu kutafuna kama ganda la karanga. Zikibaki na nyuzi, nyuzi zinaungua kabla mbegu haijaiva.

Na kabocha la nazi, maana watoto wasije wakadhani boga ni pambo: kilo moja, vipande vya sentimita 4 na ganda lake, maji nusu kikombe tu, iliki 4, sukari vijiko 3, chumvi ya kuonja. Funika, moto mdogo, dakika 10. Mimina tui la kopo moja la mililita 400, dakika 5 bila kufunika, tikisa sufuria badala ya kukoroga. Mwiko ndio unaovuruga boga.

---

Mama_Watatu

Bi Upawa shikamoo, asante sana. Kwa hiyo tukichonga ile Alhamisi ya MEA, litafika tarehe 31?

---

Bi_Upawa

Marahaba. Halifiki. Lililochongwa lina siku 3 hadi 7, na likikutana na joto la Oktoba mwanzoni linaota ukungu siku ya pili. MEA nunueni, pakeni rangi, choreni sura kwa kalamu. Kuchonga iwe tarehe 27 au 28. Boga zima likae mahali penye ubaridi na pakavu, juu ya kadibodi, si juu ya sakafu ya saruji.

Ukishalichonga, litumbukize kwenye maji yenye dawa ya kufulia nguo nyeupe, kijiko kimoja cha chai kwa lita 4, liache kama nusu saa, ligeuze lichuruzike, kisha paka kingo zilizokatwa mafuta ya mgando. Dawa hiyo ni kwa boga ambalo mtu hatalila tu. Usiku wa kuganda liingize ndani, maana likiganda na kuyeyuka linakuwa tope. Taa iwe ya betri. Mshumaa unalipika kwa ndani. Kindi watalitafuna, hilo halina dawa ya kuaminika.

---

Kamau_BP

Kuhusu hiyo tarehe 31 yenyewe. Kama nyumbani kwenu hamuisherehekei, iwe kwa dini au kwa kutopenda tu, waambieni walimu mapema, maana shule nyingine zina gwaride la mavazi ya kuigiza na mtoto asije akajikuta peke yake bila kujua. Matufaha, majani na maboga hayana uhusiano wa lazima na siku ile.

Kama mnatoka: jua huzama karibu saa 12 jioni, na watoto wadogo hutembea nyumba kwa nyumba kuomba pipi kuanzia saa 11 na nusu. Kanuni ni taa ya barazani. Inawaka, gonga. Imezimwa, pita, hata kama kuna maboga kumi mlangoni. Boga la rangi ya feruzi maana yake nyumba hiyo inatoa pia vitu visivyoliwa, kwa watoto wenye mzio.

Vazi linunuliwe namba moja au mbili kubwa ili livaliwe juu ya jaketi. Hilo ndilo kosa la wageni wengi wa Minnesota: vazi linakaa mwilini kama soksi, halafu mtoto anafunikwa koti juu na analia njia nzima kwa sababu Simba haonekani. Mwaka 1991 theluji ilianza siku hiyo hiyo ya 31 Oktoba, na ilipokoma zilikuwa zimeanguka inchi 28.4 hapa mjini, zaidi ya sentimita 70. Watu hawajasahau. Barakoa ya plastiki inaziba macho, pakeni rangi usoni. Ukanda unaoakisi mwanga mgongoni, tochi mkononi, viatu vyao vya kawaida.

Mkipenda tamasha kuliko kugonga milango, kuna Anoka, kaskazini ya jiji. Walianza gwaride lao 1920 na wamejipa jina la mji mkuu wa Halloween duniani. Gwaride kubwa huwa Jumamosi mwishoni mwa Oktoba. Fika mapema, maegesho ni vita.

Na ile Jumapili ya kwanza ya Novemba saa zinarudishwa nyuma. Kuanzia hapo giza linaingia saa 11 jioni, michezo ya nje baada ya shule imekwisha. Kwa hiyo vyote hivi vipangeni kabla.

---

Nesi_Zamu

Nyongeza fupi, zote ni za mtoto wenu wa miaka 3 isipokuwa ya mwisho.

Juisi ya matufaha inayokamuliwa shambani: soma kibandiko. Kama haijapashwa moto kuua vijidudu, kuna onyo limeandikwa. Msimpe huyo mdogo wala mjamzito. Ichemsheni kwanza, tieni mdalasini na tangawizi, basi imekuwa chai nzuri.

Pipi ngumu za mviringo, karanga nzima na bigijii ziondoeni kwake, zinakaba. Iliyofunguka karatasi, tupa. Familia za Kiislamu zitazame neno jelatini kwenye pipi za kuvutika na hata kwenye ile ndogo ya rangi tatu yenye umbo la punje ya hindi. Isipoandikwa chanzo chake, mara nyingi ni nguruwe.

Kupe. Watu hudhani wameisha na kiangazi. Kupe wa kulungu aliyekomaa yuko kazini Oktoba na Novemba mpaka ardhi igande, na ndiye anayeeneza ugonjwa wa Lyme. Rundo la majani la kurukia liwe katikati ya nyasi, si ukingoni mwa msitu. Suruali iingizwe ndani ya soksi. Mkirudi, nguo zikiwa kavu zitupeni moja kwa moja kwenye mashine ya kukaushia, moto mkali, dakika 10. Kufua kwa maji ya baridi hakumuui. Kagueni nyuma ya masikio, kwenye mstari wa nywele, kwapani, nyuma ya magoti, kinenani na ndani ya kitovu. Akiwa ameshang'ata, mshikeni kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu moja kwa moja kwenda juu bila kumzungusha. Msipake mafuta ya taa wala kumchoma kiberiti. Andikeni tarehe. Ukitokea wekundu unaotanuka au homa ndani ya mwezi, nendeni hospitali na tarehe hiyo mkononi.

---

Mama_Watatu

Nimenakili yote. Swali moja tu limebaki kwa Papa Reli: hizo ngazi za Minnehaha, huyu wa miaka 3 atazipanda kurudi?

---

Papa_Reli

Kushuka atashuka akikimbia. Kurudi utambeba. Njoo na kitambaa cha mgongoni.